Picha za harusi ndani ya CD ya dhahabu: uchambuzi wa kisa kimoja cha faili za PCD

Dada mmoja mkazi wa Dar es Salaam alinijia na flashi yenye picha 36 za harusi ya wazazi wake, iliyofanyika Unguja mwaka 1994. Picha zilikuwa zinafunguka bila tatizo, kwenye simu na kwenye kompyuta. Alichotaka ni picha moja kubwa ya kutundika ukutani, zawadi ya miaka thelathini ya ndoa yao. Studio aliyoipelekea ilimrudisha: picha ni ndogo, ikikuzwa itatoka ukungu. Alikuwa na jambo la pili pia, ambalo yeye mwenyewe hakulipa uzito.

"Fundi, mama anasema mjomba alipiga mikanda miwili," aliniambia. "Picha za nikahi zipo. Za walima, siku ya pili yake, hazimo. Mimi nilidhani ni utu uzima tu, lakini ameshikilia hapohapo."

Nikamuuliza picha zilitoka wapi. Mjomba wake alikuwa akiishi London. Alikuja harusini na kamera yake, akarudi na mikanda, akaipeleka dukani huko kusafishwa, na pamoja na picha za karatasi akaagiza ziwekwe kwenye CD. Negativu zilipotea walipohama nyumba. Picha za karatasi ziligawanywa kwa ndugu, na leo hakuna ajuaye ziko kwa nani. Ilibaki CD moja tu. Binamu yake wa huko aliinakili kuwa faili moja ya ISO, yaani nakala ya CD nzima ndani ya faili moja, akaituma kwa intaneti, na duka moja hapa mjini likazitoa picha na kuzigeuza JPEG. Walipomkabidhi flashi walimwambia kazi imekwisha, CD haina kazi tena.

"Basi nimwambie binamu aitupe?"

"Hapana, dada. Mwambie asiiguse kabisa, na akipata mtu anayekuja, aitume."

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona mambo ya aina hii yakienda vibaya kwa njia ileile. Faili ya zamani ikikataa kabisa kufunguka, mwenyewe huendelea kuhangaika nayo, huuliza huku na huku, na ile asili huitunza. Ikifunguka nusu, na picha ikaonekana, kila mtu hupumua na asili hutupwa. Katika kisa hiki ubadilishaji ulikuwa umefanikiwa nusu mara tatu kwa mpigo: nusu ya picha hazikutoka, zilizotoka zilitoka katika ukubwa mdogo, na hata hizo ndogo zilikuwa zimepoteza vivuli vya sehemu zake nyeupe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotoa ujumbe wa kosa.

CD ya namna gani hii

Kwa maelezo ya rangi ya dhahabu na faili zenye jina la mwisho PCD, hapakuwa na shaka: ilikuwa Photo CD ya Kodak. Kodak iliutangaza mfumo huu mwaka 1990 na kuuingiza sokoni mwaka 1992, ikishirikiana na Philips. Mteja alipeleka mkanda wa milimita 35 dukani, ukasafishwa, negativu zikapitishwa kwenye skana ya hali ya juu, na picha zikaandikwa kwenye CD yenye nafasi ya picha kama 100. Ungeweza kuzitazama kwenye televisheni kwa mashine maalumu, au kwenye kompyuta yenye draivu ya CD, kifaa ambacho wakati ule nyumba nyingi hazikuwa nacho.

Kwa wapiga picha wa kazi ilikuwa neema, maana kuskani negativu kwa ubora ule kulikuwa ghali sana kwingineko. Kwa familia haikushika. Bei za skana zikashuka, kamera za kidijitali zikaja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kodak ikaachana nayo. Januari 2012 kampuni yenyewe ikaomba mahakamani ulinzi dhidi ya wadai wake.

(Kuna bidhaa nyingine ya Kodak ya baadaye iliyoitwa Picture CD. Hiyo ndani yake mna JPEG za kawaida. Ukifungua CD ukakuta JPEG, haya yote hayakuhusu; nakili tu.)

Jambo linalonigusa ni kwamba CD zenyewe zilitengenezwa kwa kudumu. Tabaka lake linaloakisi mwanga ni dhahabu, na dhahabu haishiki kutu kama alumini au fedha. Kilichokufa ni uwezo wa kusoma yaliyomo. Kodak haikuchapisha maelezo kamili ya namna picha zinavyofungwa ndani ya faili hizi. Waliotaka kuandika programu walitegemea vifaa vya Kodak yenyewe. Kodak ilipoondoka, programu za biashara nazo zikaacha kufungua PCD, toleo moja baada ya jingine. Familia ikabaki na CD nzima isiyo na mkwaruzo, na hakuna wa kuifungua.

Waliookoa hali ni watu waliokaa na faili hizi na kuzichambua wenyewe. Wa kwanza ninayemjua ni Hadmut Danisch wa Ujerumani, aliyezichunguza faili za PCD mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuandika programu iitwayo hpcdtoppm. Aliigawa pamoja na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo, ila leseni yake haikuruhusu kuuzwa, na kwa sababu hiyo mkusanyo maarufu wa programu za picha, Netpbm, haukuweza kuibeba ndani yake. Baadaye ImageMagick, programu huria inayobadilisha fomati za picha za kila aina, nayo ikawa inasoma PCD. Kisha Sandy McGuffog akaandika pcdtojpeg, programu ya kazi hii moja tu, chini ya GPL, leseni ya programu huria inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Hiyo ndiyo niliyoitegemea zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Mkanda wa pili

Nianze na mama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa sahihi kabla ya kompyuta yoyote.

Photo CD iliruhusu kuongezewa. Mteja aliweza kurudi na CD ileile na mkanda mwingine, na duka likaandika picha mpya baada ya zile za awali. Kila uandishi ni awamu inayojitegemea, yenye mwanzo wake na mwisho wake. Draivu nyingi za CD za miaka ile zilijua kusoma awamu ya kwanza tu. Kati ya awamu ya kwanza na ya pili kuna pengo lisilo na data: sekta 11,400 za baiti 2,048, yaani nafasi ya megabaiti 22 na ushei. Programu ya kawaida ya kunakili ikifika kwenye pengo hilo hukuta hakusomeki, na nyingi hukata shauri kwamba CD imeisha.

Hapo tayari nilikuwa na fununu. ISO aliyoituma binamu ilikuwa na kama megabaiti 170. Faili moja ya PCD huwa ya wastani wa megabaiti nne na nusu, hivyo picha 36 zinalingana kabisa na ukubwa ule. ISO haikuwa na kasoro yoyote ndani yake. Ilikuwa awamu ya kwanza, kamili, na mwisho wake. Duka lililoibadilisha lisingeweza kujua kwamba kuna zaidi, isipokuwa kama lingemsikiliza mama.

CD ilipofika, iliyobebwa na ndugu aliyekuja likizo, niliigeuza na kuishika kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu iliyoandikwa huonekana kwa rangi tofauti kidogo na ile tupu. Kwenye hii kulikuwa na mviringo mmoja kutoka katikati, kisha utepe mwembamba wa rangi nyingine, kisha mviringo wa pili karibu sawa na wa kwanza. Dada alikuwepo, nikamwonyesha kwa kidole. Akampigia mama yake palepale.

Kabla ya kufungua faili yoyote niliinakili CD nzima kwa GNU ddrescue, programu huria ya Antonio Diaz Diaz. Kwa CD ya miaka thelathini hatua hii hairukwi. Draivu ikigoma mahali fulani, ddrescue haisimami. Inaruka, inaandika kwenye kijidaftari chake mahali iliporuka, na inaendelea hadi mwisho, ndipo inarudi kujaribu tena yale iliyoyaruka. Amri yenyewe ni hii:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Kwenye pengo kati ya awamu mbili inalalamika sana. Ni kawaida, mahali pale hapana kitu cha kusoma. Lakini nakala inayopatikana ina mtego mmoja: ukiifungua kama ISO ya kawaida, Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, hutafuta orodha ya faili kwenye sekta ya 16, ambayo ni orodha ya awamu ya kwanza, na utaona picha 36 zilezile. Inabidi uielekeze orodha ya awamu ya mwisho ilipo, kwa chaguo liitwalo sbsector unapoifungua, ukiipa namba ya sekta ambapo awamu hiyo inaanza. Ukiifungua CD yenyewe kwenye draivu, Linux huitafuta awamu ya mwisho bila kuambiwa. Nilifanya yote mawili ili nilinganishe.

Ndani ya folda ya PHOTO_CD kuna folda ya IMAGES, na ndani yake faili zilianzia IMG0001.PCD zikaishia IMG0071.PCD. Mkanda wa pili ulikuwapo, picha 35. Walima yote: ubao wa pilau ukiandaliwa uani, watoto wamepanga mstari wakisubiri, bi harusi akiwa na wifi zake. Tatu za mwisho hazikuwa za Unguja kabisa. Ni mtaa wa London, watoto wamevaa makoti mazito. Mjomba alirudi na mkanda usioisha ndani ya kamera, akaumalizia nyumbani kwake, ndiyo maana uliingia dukani baadaye na kuandikwa peke yake.

Hilo la tarehe nililithibitisha kwa ExifTool ya Phil Harvey, ambayo pia ni huria na inasoma maelezo yaliyofichwa ndani ya PCD: aina ya filamu, skana iliyotumika, na tarehe. Tarehe hiyo ni ya kuskani, si ya kupiga picha, na ni muhimu mtu asizichanganye anapopanga albamu. Hapa mikanda miwili ilionyesha miezi miwili tofauti ya mwaka 1994, na ya kwanza ilikuja wiki chache baada ya harusi.

Ukubwa wa tatu kati ya mitano

Picha za kwenye flashi zilikuwa na pikseli 768 kwa 512. Kila mtu anayejua Photo CD akiona namba hizo anajua kilichotokea.

Faili moja ya PCD si picha moja. Ndani yake picha ileile imewekwa katika ukubwa tano: 192 kwa 128, 384 kwa 256, 768 kwa 512, 1536 kwa 1024, na 3072 kwa 2048. Toleo la wapiga picha wa kazi lilikuwa na wa sita, 6144 kwa 4096. Ukubwa wa kati, 768 kwa 512, ndio uliokusudiwa televisheni. Zile tatu ndogo zimeandikwa wazi wazi, kila moja mahali pake panapojulikana: ya kwanza inaanzia sekta ya 4 ya faili, ya pili sekta ya 23, ya tatu sekta ya 96. Mtu yeyote mwenye subira angeweza kuzitoa kwa programu fupi.

Mbili kubwa ni kazi nyingine. Kodak haikutaka kuandika picha kubwa upya, maana picha ya 3072 kwa 2048 ikiwa wazi hula karibu megabaiti 19. Badala yake unachukua picha ya kati, unaikuza mara mbili, kisha unaongeza tofauti: kila pikseli inahitaji kuongezwa au kupunguzwa kiasi gani ili ifanane na iliyotoka kwenye skana. Tofauti hizo ndizo zilizoandikwa, zikiwa zimebanwa kwa mbinu ya Huffman. Kisha hatua hiyo inarudiwa kufikia ukubwa wa tano. Programu isiyojua kufungua mbano huo, au isiyoambiwa, inakupa ukubwa wa tatu na kunyamaza. Hata ImageMagick, usipoitajia ukubwa, inakupa 768 kwa 512. Ukitaka mkubwa unataja namba yake kwenye mabano mraba baada ya jina la faili:

magick 'IMG0012.PCD[5]' IMG0012.png

Tofauti ya hapo ni mara 16 kwa idadi ya pikseli. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, 768 inakupa picha yenye upana wa sentimita 6.5, na 3072 inakupa sentimita 26. Picha ya ukutani hutazamwa kutoka mbali kidogo, pikseli 150 kwa inchi zinatosha, na hapo unafika sentimita 52. Studio iliyomrudisha dada ilikuwa sahihi kwa picha alizowapelekea. Haikuwa na njia ya kujua kwamba picha ya kutosha ilikuwa ndani ya faili ileile zilimotoka hizo ndogo.

Niongeze la kugeuzwa kwa picha. Picha zilizopigwa wima zimeandikwa zikiwa zimelala, na mwelekeo sahihi umewekwa kwenye kichwa cha faili, katika biti mbili tu za baiti moja. Programu nzuri huzisoma na kuigeuza picha yenyewe. Kwenye flashi ya kwanza picha zote za wima zilikuwa zimelala, na mtu alikuwa amezigeuza baadhi kwa mkono, upande usio.

Weupe wa kanzu

Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, na hapa ndipo programu moja inapotofautiana na nyingine.

Kuna picha ya babu yao mzaa mama amesimama nje ya msikiti, jua la mchana, kanzu nyeupe, kofia nyeupe ya viua, ukuta wa chokaa nyuma yake. Kwenye flashi ya kwanza uso wake unaonekana vizuri, lakini kuanzia shingoni hadi chini ni weupe mtupu usio na mkunjo hata mmoja, na kofia yake imeungana na ukuta. Dada aliamini mjomba alizidisha mwanga kwenye kamera. Mimi nilitilia shaka, kwa sababu filamu ya negativu huvumilia mwanga mwingi sana kabla ya kupoteza kitu.

Kodak iliandika picha hizi kwa mfumo wa rangi uitwao PhotoYCC: mwangaza peke yake, na rangi katika njia mbili pembeni. Namba ya mwangaza inakwenda kuanzia 0 hadi 255. Mtu yeyote angetarajia nyeupe iwe 255. Siyo. Nyeupe ya kawaida, ile ya kitu kinachorudisha mwanga wote unaokipiga, iko kwenye 182, ambayo ni 255 ikigawanywa kwa 1.402. Kuanzia hapo hadi 255 ni akiba iliyowekwa makusudi kwa vitu vinavyong'aa kupita nyeupe: jua juu ya maji, bati, chuma kilichosuguliwa, au kanzu kwenye jua la saa saba mchana picha ikiwa imepata mwanga wa ziada kidogo. Kodak ilijua filamu inabeba zaidi ya kile skrini inachoweza kuonyesha, na haikutaka kilichobebwa kipotee.

Sasa programu inayobadilisha picha hizi kwenda JPEG ina uamuzi wa kufanya. JPEG haina akiba hiyo. Nyeupe yake ni 255 basi. Njia ya haraka ni kuichukua 182 kuwa 255 na kila kilicho juu yake kukifanya 255 pia. Picha inatoka angavu, yenye kupendeza kwa haraka, na kila kilichokuwa juu ya 182 kinakuwa doa moja jeupe. Njia nyingine ya haraka ni kuchukua 255 kuwa nyeupe bila marekebisho, na hapo kila picha inatoka imefifia, kama ya jioni. Njia ya kazi ni kuubana ule mwanga wa juu taratibu, ili nyuso zibaki na mwangaza wake na weupe ubaki na ngazi zake.

Nilitoa thamani za mwangaza kutoka kwenye faili ya babu bila kuzibadilisha. Kitambaa cha kofia kilikuwa karibu 210, na vivuli vya mshono karibu 192. Tofauti ipo, ya kutosha, lakini yote iko juu ya 182. Kwa hiyo kila programu inayokata pale inaifuta kofia nzima. Kosa halikuwa la mjomba hata kidogo.

Kofia ya viua hushonwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitundu vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja huchukua wiki nyingi. Hakuna rangi ya kuitambulisha kazi ile zaidi ya vivuli vyake. Kwenye picha iliyotolewa kwa pcdtojpeg, ambayo inaubana mwanga wa juu badala ya kuukata, vitundu vinahesabika. Mama alipoonyeshwa kwenye skrini alisema jina la ua lililoshonwa kabla hatujaikuza, kwa sababu kofia hiyo aliishona mama yake, na yeye alikuwa akimshikia uzi.

Ndiyo sababu nilichagua pcdtojpeg kwa kundi zima. Ni programu ndogo, haina madirisha wala vitufe, unaiandikia amri. Usipoiambia vinginevyo huchukua ukubwa wa juu kabisa uliomo kwenye faili. Niliijenga kutoka msimbo chanzo, ulioandikwa kwa C++. Inahitaji maktaba ya JPEG iwe imewekwa kwenye kompyuta, na hakuna la ziada. Udhaifu wake ni kwamba inatoa JPEG pekee. Niliipandisha hadi ubora wa juu kabisa, na kwa picha chache za kuchapwa kwa ukubwa nikatengeneza pia PNG kwa ImageMagick na kulinganisha rangi kwa macho. Kwa picha za kivulini hapakuwa na tofauti ya kusemwa.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie tovuti zinazobadilisha picha bure, unapakia faili na unapewa nyingine. Kwa kisa kama hiki siwezi. Huoni inachagua ukubwa gani, huoni inaufanya nini weupe, na unaipelekea seva ya mtu usiyemjua picha za ndani za familia, wanawake wakiwa wamejipamba kwa ajili ya wenzao. Programu huria inafanya kazi kwenye kompyuta yangu hata intaneti ikiwa imekatwa, na kila uamuzi wake unasomeka. Namba 182 niliyoieleza hapo juu haikuwekwa kwenye tangazo lolote la Kodak kwa wateja. Nimeisoma kwenye msimbo.

Nilichokabidhi, na kilichobaki

Kabla ya kukabidhi nilikagua mambo machache tu. Idadi ya JPEG inalingana na idadi ya PCD. Kila picha ina 3072 kwa 2048, au kinyume chake kwa za wima. Kila moja inafanana na kijipicha chake kwenye OVERVIEW.PCD, faili inayobeba vijipicha vya CD nzima, ili kujua kwamba hakuna iliyochanganyika. Kisha nikachukua alama ya sha256 ya kila PCD, ili siku za mbele mtu aweze kuthibitisha kwamba nakala yake haijaharibika.

Dada alipewa JPEG za kutazama na kugawia ndugu, lakini pia PCD zote 71 kama zilivyo, pamoja na ISO nzima yenye awamu zote mbili, kwenye diski ya nje, na nakala ya pili ikaenda kwa binamu London. Picha za kugawia kwa WhatsApp nilimtengenezea folda yake ndogo tofauti, kwa sababu WhatsApp huzibana picha, na nimeona familia ambazo nakala zilizobanwa ndizo zilizokuja kubaki pekee. CD ilirudi kwenye kasha lake gumu na sasa inakaa kwa mama, kabatini, mbali na jua. Jina halikuandikwa juu yake kwa kalamu, limeandikwa kwenye kasha.

Picha moja haijakamilika. IMG0058.PCD ina sekta kadhaa ambazo draivu niliyonayo haikuweza kuzisoma, zote katika nusu ya pili ya faili. Kwa vile ukubwa mdogo umeandikwa mwanzo na zile tofauti za kukuzia zikafuata, picha ya 768 kwa 512 ilitoka safi, na ile ya 3072 inatoka na mistari ya rangi kuanzia katikati kwenda chini. Ni picha ya bi harusi na mjomba mwenyewe, pekee ambayo mjomba yumo, kamera ikiwa imeshikwa na mtu mwingine. Draivu hutofautiana sana katika kusoma CD zenye udhaifu. Inayoshindwa na moja husomwa na nyingine. Kijidaftari cha harusi.map kinaonyesha sekta zilizobaki, na ddrescue ikipewa draivu tofauti na faili zilezile itajaribu hizo tu bila kurudia CD nzima. Kuna draivu ya ndani ya kompyuta kubwa ya zamani niliyoahidiwa na mwenzangu Morogoro. Ikifika, mama ataombwa CD kwa siku moja.